Jezi Namba Tisa Ilivaliwa na Wawili

Katibu wa kamati alipiga simu asubuhi, wakati napigana na fulana. Nasema napigana kwa sababu sina neno jingine. Mume wangu yuko mwaka wa pili tangu kiharusi kimshike upande wa kulia, na kila siku mkono ule lazima utoke kwenye fulana ya kulalia na uingie kwenye fulana ya mchana. Ni mkono mrefu, wa mtu aliyecheza mpira wa kikapu, na siku hizi una uzito wa mkungu wa ndizi. Hospitali walinifundisha namna: unavua kwanza ule mzima, unapitisha kichwa, unamalizia na ule mgonjwa. Kusema ni rahisi. Mabega yangu yameisha. Nikishamvalisha huwa nakaa barazani kimya mpaka pumzi zirudi, na anayenisalimia wakati huo anione nina kiburi akitaka.

Katibu alisema kiwanja cha zamani cha kiwanda kinafufuliwa. Sakafu imesawazishwa, ringi mpya zimefungwa, na ukutani, karibu na mlango, watapaka kumbukumbu ya fainali yetu ya zamani: matokeo na mfungaji bora. Pointi ishirini na saba, jezi namba tisa. Tatizo ni jina. Nusu ya wazee mjini wanasema namba tisa alikuwa fulani, anayeishi Kihonda. Nusu wanasema alikuwa mume wangu. Akaniuliza kama ni kweli karatasi ya mchezo ninayo mimi, maana ndiye niliyekaa mezani kuandika.

Nilimwambia karatasi ipo, na jina nitampa mwenyewe. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja simu ile miaka mingi. Nilimgeukia mume wangu, fulana bado imemkaa shingoni, nikamwambia hatimaye wataandika jina lake. Hakusema kitu. Lakini tangu augue hasemi mengi, sikuhesabu.

Wakati ule kiwanda kilikuwa na timu, na timu ilikuwa kazi. Mchezaji aliajiriwa kama mfanyakazi mwingine, akapewa namba ya kadi na chumba kwenye nyumba za kampuni, lakini mashine alikuwa akiigusa kwa mkono mmoja tu. Saa tisa honi ikilia wenzake walibaki, yeye alikwenda kiwanjani. Msimu ukiisha meneja alikaa na karatasi za michezo. Aliyefunga alibaki. Ambaye hakufunga alipewa barua, akarudi kwao. Walikuja vijana kutoka kila mkoa, warefu, na viatu vyao vimefungwa kamba shingoni, na wengi waliondoka kabla hatujajua walikotoka.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikaambiwa niwe mwandishi wa meza. Nilifundishwa kuandika kila kikapu kwa mpangilio, namba ya aliyefunga kando ya jumla ya timu, mitupo huru kwa alama yake na faulo kwa alama yake. Nusu ya kwanza unaandika kwa kalamu nyekundu, nusu ya pili kwa bluu. Ni kazi inayotaka mtu asiyeshangilia. Mpira unaingia, uwanja mzima unasimama, wewe unainamisha kichwa na kuandika. Niliipenda kwa sababu hiyo. Kwetu Matombo nilikulia katika nyumba yenye kelele, na pale mezani nilikuwa mtu pekee mwenye ruhusa ya kunyamaza.

Timu ilikuwa na wachezaji kumi na wawili na jezi kumi. Jezi mbili zilipotea safarini na ofisi haikununua nyingine. Kwa hiyo ilikuwepo desturi yetu, ambayo sijaisikia kwingine. Mchezaji akitolewa na mwenye kuingia hana jezi, walibadilishana palepale mbele ya meza yangu. Anayetoka anaambiwa, “Inama.” Anainama, mwenzake anashika shingo ya jezi kwa nyuma, anaivuta mara moja, inatoka na mikono yote, na kabla jasho halijapoa imeshaingia kwenye kichwa kingine. Refa aliangalia milimani. Kanuni haikuruhusu, lakini kila mtu aliijua shida yetu. Mimi nilitakiwa niandike pembeni nani amempa nani, na dakika gani.

Jezi namba tisa ilikuwa ya hao wawili wanaobishaniwa mjini. Mwenyewe hasa, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye orodha, alikuwa mfungaji wetu mkubwa. Huyu nitamwita Tisa wa Kwanza. Aliyekuwa akiipokea alikuwa mume wangu, wakati huo bado si mume wangu. Walikuwa marafiki wa chumba kimoja. Walipika sufuria moja, walitumia sabuni moja, na mmoja akiumwa mwingine alikwenda kumwombea ruhusa kwa msimamizi. Watu waliwatania kwamba wana jezi moja, siku moja watataka na mke mmoja.

Siku ya fainali Tisa wa Kwanza alicheza nusu ya kwanza, na mwishoni mwake akatua vibaya, kifundo cha mguu kikavimba. Nusu ya pili ilipoanza mume wangu aliambiwa aingie. Walikuja mbele ya meza yangu. Nilisikia “Inama,” nikaona jezi ikivutwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuandika pembeni nani amempa nani. Nilikuwa namwangalia. Tayari tulikuwa tumeahidiana, na nilikuwa naogopa kwa niaba yake, maana msimu mzima hakuwa amefunga sana, na ilikuwa mechi ya mwisho.

Tulishinda. Nilijumlisha karatasi. Namba tisa: ishirini na saba.

Wiki iliyofuata nilipanda Matombo kumwambia mjomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti akitaka kuolewa mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa mtu wa migomba na mdalasini, hakuwahi kuona mpira wa kikapu hata siku moja, lakini habari za kiwanda alikuwa nazo zote. Hakuuliza dini ya kijana wala kabila lake. Alishajua kwamba kwa kabila ni mtani wetu, na aliridhika kwamba atapata wa kumtukana bila ugomvi. Aliuliza jambo moja: huyu msimu ukiisha anabaki au anapewa barua? Kwa sababu hakuwa tayari kumtoa mpwa wake afuate mtu mpaka mikoa ya mbali.

Nilifungua karatasi juu ya meza yake. Nikamwonyesha namba tisa, nikamwonyesha jumla, nikamwambia, “Ni yeye. Mimi ndiye niliyeandika.”

Mjomba alipitisha kidole kwenye jumla mara mbili, akasema lililoandikwa limekwisha semwa. Tukaoana. Na kweli mume wangu hakupewa barua. Alibaki mpaka kiwanda chenyewe kilipofunga milango, ndipo akaanza kwenda Mgeta kuchukua kabichi na karoti na kuzipakia kwenye malori ya Dar es Salaam, kazi iliyotulelea watoto mpaka wakasoma.

Sasa sijui niseme vipi ili nieleweke. Sikwenda kwa mjomba kusema uongo. Nilijua Tisa wa Kwanza alifunga kiasi kabla ya kuumia. Lakini nilikuwa nimeziona za mume wangu kwa macho, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa kubwa, na moyoni nikasadiki kwamba nyingi ni zake. Karatasi sikuihesabu upya. Niliikunja, nikaiweka sandukuni chini ya vitenge vya harusi, na pale ikakaa. Maneno niliyomwambia mjomba, mjomba aliyarudia kwenye harusi mbele ya ukoo mzima. Shangazi wakayachukua. Watoto wangu waliyanyonya na maziwa: baba yenu alifunga ishirini na saba, na sifa akapewa mwingine. Redio ya mjini ikimtaja Tisa wa Kwanza, nilikuwa nazima redio.

Yeye Tisa wa Kwanza aliacha kuja kwetu mwaka uleule wa harusi. Nilisema ana wivu. Nilisema hivyo kwa miaka, tena kwa sauti, tena mbele ya mume wangu, na kila mara mume wangu alikuwa akiinuka na kwenda kutafuta kitu nje. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tunasema, lakini mimi kimya chake nilikizoea kama mtu anavyozoea kelele za mashine.

Baada ya simu ya katibu nilimpa uji, nikapiga deki, nikafua mashuka, ndipo nikapata nafasi ya kufungua sanduku. Karatasi ilikuwa imegawanyika kwenye mikunjo. Niliitandaza kwenye meza ndogo barazani, karibu na kiti chake, nikavaa miwani. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka katikati ya mlima. Nilitaka kumwandikia katibu hesabu kamili: nyekundu ngapi, bluu ngapi, ili asije mtu akabisha.

Nyekundu ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Nilifuata namba tisa kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Mbili, nne, sita. Mtupo huru mmoja, saba. Nilipofika kwenye mistari miwili ya mapumziko nilikuwa na ishirini na moja.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia kutoka juu. Ishirini na moja. Kisha nikafuata bluu, taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Bluu zilikuwa tatu. Vikapu vitatu, pointi sita.

Mara ya tatu sikuhesabu ili nijue. Nilihesabu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilihisi uchovu ambao haukuwa wa mabega. Miaka yote ile nilimchukia mtu kwa pointi ishirini na moja ambazo zilikuwa zake, na ushahidi nilikuwa nimeulalia mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mume wangu alikuwa akinitazama. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, moja moja, na upande mmoja wa mdomo haushiriki. Akasema, “Sita.”

Nilimuuliza tangu lini anajua.

“Siku ileile. Nani hajui alichofunga?”

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliyasikia maneno kwa mara ya kwanza harusini, mjomba akiyatangaza, nami nimekaa pembeni nimejifunika khanga na ninatabasamu. Angesimama aseme bibi harusi ni mwongo? Baadaye alikusudia kuniambia. Alikusudia mara nyingi. Lakini nyumbani nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, kisha kiwanda kikafunga, kisha kukawa na hili na lile. Kila alipotaka kusema alinikuta nimechoka, akaona asiniongezee mzigo.

Hasira ilinipanda. Nilimwambia angeniongezea tu, mizigo niliyobeba ni mingi, huo mmoja usingeniua. Nilimwambia amenifanya nimtukane mtu bure mbele ya watoto. Aliningoja mpaka nikamaliza. Ndipo akasema lile ambalo hadi leo nikilikumbuka naacha ninachofanya.

“Alikuja kuniuliza. Baada ya harusi. Akasema, ni kweli unasema zote ni zako? Nikamwambia ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Ningesema hapana, ningekuwa nimesema wewe ndiye mwongo.”

Alilia upande mmoja tu, jicho la kushoto. La kulia halifungi vizuri na hutoa machozi lenyewe siku nzima, sikulihesabu. Nilimfuta yote mawili kwa pembe ya khanga. Akataja jina la rafiki yake, jina la utani la chumbani ambalo sikuwa nimelisikia tangu ujana, na akasema anataka kumwona.

Nilimpigia katibu kwanza, kwa sababu mtu huanza na lililo jepesi. Nilimwambia namba tisa walikuwa wawili, mmoja ishirini na moja, mwingine sita. Nikasikia katibu akipekua daftari lake la matokeo. Akasema, mama, kwa hesabu hiyo mfungaji bora anakuwa wa wapinzani wetu, namba kumi na mbili, aliyefunga ishirini na nne. Hatuwezi kuandika mpinzani kwenye ukuta wetu. Akaniomba kwa adabu sana tuache jezi iwe jezi, ishirini na saba zibaki ishirini na saba, na jina liwe la yule wa kwenye orodha. Mla ni mla leo, alisema, mla jana kala nini, nani atauliza? Nilimwambia mimi nimeshauliza. Kama ukuta hauwezi kubeba walichofunga, basi wapake rangi nyeupe.

Nikakaa na simu mkononi nikiwaza. Nilikuwa nimempokonya Tisa wa Kwanza pointi zake nikiwa msichana, na sasa, uzeeni, nimempokonya na ukuta.

Nilimwachia jirani mgonjwa wangu, nikachukua bodaboda mpaka Kihonda, karatasi nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimkuta anamwagilia mchicha nyuma ya nyumba, amekonda, mrefu bado. Mguu ule anauburuta kidogo. Nilimsalimia, “Shikamoo, shemeji.” Aliitika marahaba bila kugeuka, akamaliza tuta lake, ndipo akanikaribisha kiti.

Nilisema yote. Nilianza na mjomba nikamaliza na katibu, sikujipaka mafuta popote. Nilipomtolea karatasi alikataa kuishika. Akasema siku ile alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu ndani ya ndoo ya maji, na vikapu vile vitatu alivihesabu yeye kwa kupiga makofi. Habari za ukuta hakuziuliza hata kidogo.

“Shemeji,” alisema, “mimi sikukasirikia pointi. Nilimuuliza rafiki yangu jambo moja, akanidanganya usoni, na nilijua kwamba anajua kuwa najua. Nikangoja aje aniambie. Nikangoja mno, mpaka ikawa aibu kwenda mimi.”

Nilimwambia mume wangu hawezi kuja tena kwa miguu yake. Akauliza tangu lini. Nilipomjibu aliweka ndoo chini, akasema mjini hapa hakuna aliyemwambia, na kosa ni lake, maana watu walishajua jina lile halitajwi mbele yake. Nilimwacha amesimama kwenye mchicha. Hakusema atakuja wala hatakuja, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Kesho yake asubuhi uji ulimwagika. Mume wangu alijaribu kushika kikombe mwenyewe, fulana ikalowa kifua kizima. Nikaanza: mkono mzima, kichwa, na pale kwenye ule mgonjwa fulana ikanasa kwenye kiwiko kama kawaida. Nilivuta, akagugumia. Nilirudisha, nikaanza upya. Nilisikia mlango wa uani ukisukumwa na hodi ikipigwa kwa sauti ndogo, nikasema karibu bila kutazama, nikidhani ni jirani.

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama mbele ya kiti, akamtazama rafiki yake kwa muda, fulana imemfunika nusu ya uso. Kisha akanigusa bega nisogee. Akazunguka nyuma ya kiti, akaishika fulana kwenye shingo, kwa nyuma.

“Inama,” alisema.

Mume wangu akainama. Fulana ikatoka mara moja, na mikono yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa, kama miaka yote ile ilikuwa ikingoja mtu anayejua.

Aliitupa kwenye beseni, akaninyooshea mkono bila kugeuka nimpe ile safi. Nikampa. Kisha nikavuta kiti, nikakaa.